Ngazija: Kisiwa cha Moto Kisicho na Mto



Wengi wetu hapa pwani tuna jamaa au jirani Mngazija, lakini ni wachache waliofika Ngazija kwenyewe. Likizo ya Agosti iliyopita tulimchukua mama, ambaye bibi yake alizaliwa huko, tukasafiri kwa ndege pamoja na watoto watatu. Watoto walitaka kuona mlima wa moto. Mama alikuwa na haja moja tu: kuiona nchi ya bibi yake kabla macho hayajapoteza nuru.

Mlima wenyewe ni Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, nao ungali hai. Tangu uwanja wa ndege utaanza kuuona mkono wake, kwani barabara ya kwenda Moroni hupita kandokando ya mawe meusi ya lava, mengine yamefikia baharini.

Tulianzia Moroni, kwenye Msikiti wa Ijumaa wa kale ulio ufukweni. Historia yake inarudi mwaka 1427, na nguzo na matao yake meupe yanaelekea bandari ndogo ya majahazi. Nyuma yake ni mji wa kale, wenye vichochoro vyembamba na milango ya nakshi. Mama alisema ni kama amepotea Mji wa Kale wa Mombasa. Humo mjini limo pia kaburi la Sayyid Muhammad al-Maaruf, shekhe wa twarika ya Shadhiliyya, aliyefariki mwaka 1905.

Kaskazini kidogo ni Itsandra, mji wenye ufuo wa mchanga mweupe. Hapo ndipo alipozaliwa Sheikh Ahmad bin Sumeit mwaka 1861, mwanachuoni aliyekuwa kadhi Unguja, na elimu yake ikaenea pwani yetu yote. Kusini mwa Moroni ni Iconi, mji wa masultani wa zamani. Juu yake pana jabali refu. Inasimuliwa kwamba maharamia kutoka Bukini walipouvamia mji, wanawake walijitupa kutoka jabalini wasichukuliwe utumwani. Binti yangu aliuliza maswali mengi. Sikuwa na majibu yote. Tuliwasomea Fatiha, tukashuka kimya.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda kaskazini hadi Mitsamiouli kwenye fuo tulivu, kisha upite kulitazama Ziwa la Chumvi, lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, hatua chache tu kutoka baharini. Pwani ya mashariki iko Chomoni, ambako mchanga mweupe umekaa ubavuni mwa lava nyeusi. Njiani utanusa langilangi na karafuu, maana udongo wa volkano una rutuba.

Lakini moto huo huo una gharama yake. Mwamba wa Ngazija una vitundu vingi. Mvua hunyesha kwa wingi, na maji yote huzama chini. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Nyumba nyingi hutegemea birika la maji ya mvua.

Hilo tulifunzwa na mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyetukaribisha nyumbani kwake. Nasema kwake, kwa kuwa kwa mila ya Ngazija nyumba ni ya binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mwanangu mdogo alifungua mfereji kuosha miguu, akauacha ukitiririka huku akicheza. Mwenyeji hakumkaripia. Aliufunga taratibu, akampa kata. Kisha akatueleza kuwa mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, majivu yaliangukia mapaa na kuingia mabirikani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa maji safi ya kunywa. “Tangu siku hizo,” akasema, “kila nikichota huhesabu.”

Mama aliinamisha kichwa. Baadaye alinieleza kuwa bibi yake, hata baada ya mfereji kuingia nyumbani Mombasa, aliwapimia wajukuu maji ya kutawadhia kwa kata, nao wakimcheka na kumwita bahili. “Kumbe hakuwa bahili,” mama akasema. “Alikuwa Mngazija.” Alimwomba mwenyeji ile kata, akatawadha kwa maji ambayo mimi nisingeyaona yakitosha. Sote twajua mafunzo ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ya kutofanya israfu ya maji hata ukiwa mtoni. Huko ndiko nilikoyaona yakiishi.

Kwa atakayependa kwenda, miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo yenye ukavu na ubaridi kiasi. Karthala usiupande bila kiongozi mwenyeji. Safari ni ya siku nzima au mbili, nayo haifai watoto wadogo. Chukua leso, nguo za sitara na maji ya kunywa ya kutosha. Na ukikaribishwa nyumbani kwa watu, tazama kwanza wenyeji wanavyochota.

Mama alirudi na zawadi moja: kata. Imetundikwa kando ya mfereji wetu, na watoto hawaulizi tena ni ya nini.

Wabillahi tawfiq.