Saa Moja ya Mpakani

Atokaye Mpondwe ya Uganda na kuingia Kasindi ya Kongo hupewa zawadi ya ajabu: saa moja. Kule ni saa nne za asubuhi, huku ni saa tatu tu. Magari nayo huacha mkono wa kushoto na kushika wa kulia. Nilifurahi, kwa maana baba yangu alikuwa mgonjwa huko Kisangani.

Tulipita Beni, Komanda, Mambasa na Nia-Nia. Kumbe, tulipokaribia Bafwasende, lori likazama topeni! Saa ile moja tulinyang'anywa mara kumi, na mbele zilibaki kilomita zaidi ya 250. Nilinung'unika sana.

Usiku ule, karibu na mto Lindi, mama mmoja mzee alinikaribisha mekoni pake. Alinipa ndizi za kuchoma na samaki aliyepikwa ndani ya majani. "Kula, mwanangu," akasema, "njia haikimbii." Kesho yake vijana walichimba tope, wakalisukuma lori, wala hawakudai malipo.

Nilimkuta baba yu hai. Nilianza kumsimulia habari za yule mama, tope nililisahau.