Tulivaa Nini Chini ya Bahari ya Mafia



Wengi wetu tuliolelewa bara tulifundishwa kuogopa maji. Kaka zetu walikwenda mtoni kuogelea, sisi tulikwenda kuchota. Tumekuwa watu wazima, tumezaa na kulea, lakini maji yakifika magotini tunarudi nyuma. Basi mwaka jana yake, tulipoanza kuweka fedha za upatu ili twende Mafia tukapige mbizi, waume zetu walicheka. Mmoja aliuliza, "Mtashuka huko chini na magauni yenu?"

Swali hilo lilikuwa la mzaha, lakini ndilo lililotusumbua kuliko yote. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie.

Safari yenyewe

Ilikuwa Februari 2023. Tulikuwa akina mama tisa, na lengo letu la kwanza lilikuwa kuwatembelea waumini wenzetu wachache walioko Kilindoni. Tulipanda basi Mbagala hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha tukaingia majini. Boti hupita kwanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, maji yametulia na rangi yake kama chai ya maziwa. Ukitoka nje ya mikoko, maji hubadilika, yakawa kijani halafu buluu, na hapo ndipo wenzetu wawili walipoanza kutapika. Anayejijua kuwa tumbo lake halipendi mawimbi ale chakula chepesi kabla ya safari, akae katikati ya boti na kutazama mbali.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Kilindoni ndio mji wake mkuu, na kutoka hapo kwenda Utende ni kama kilomita 15. Utende ndiko lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Ina eneo la kilomita za mraba 822, na ndani yake mna visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Watu wanaishi humo, wanalima na kuvua, wengi wao wakiwa ndugu zetu Waislamu. Mgeni hulipa kiingilio langoni.

Mjadala wa mavazi

Jioni ya siku ya pili, kijana wa kituo cha kupigia mbizi alituletea suti za mpira ili kila mmoja ajaribu ya kipimo chake. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, aliishika kwa vidole viwili akairudisha mezani. Alisema, "Mama wa watu avae hiki kitu mbele ya vijana? Nimelea wasichana wanne kwa kuwakataza nguo za kubana."

Hatukumcheka, kwa sababu hata sisi tulikuwa na neno hilo moyoni. Aliyetusaidia ni bi mkubwa mmoja wa Utende aliyekuwa akituuzia samaki. Alisema, "Wanangu, sisi tukienda pweza hatuendi na baibui. Tunavaa suruali kuukuu ndani, khanga tunaikaza juu. Nguo ya bahari ni ya bahari, na ya mjini ni ya mjini."

Tulipozivaa suti hizo tuliona kwamba zinafunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atajifunga khanga juu ya suti hadi ndani ya boti, na mwanamke mwenzetu atatufunga zipu ya mgongoni. Yule mama mkubwa hakuvaa, lakini alikubali kuja kwenye boti. Alisema atakaa na khanga zetu na kutuombea.

Mambo tuliyojifunza kuhusu vazi

Mtu huuliza: kwa nini suti, na maji ya Mafia ni ya joto? Ni kweli, kwa sehemu kubwa ya mwaka yana nyuzi kati ya 25 na 30. Lakini mwili wetu una nyuzi 37, na maji hunyonya joto la mwili upesi sana kuliko hewa. Baada ya dakika 40 meno huanza kugongana hata kama jua linawaka. Suti ya unene wa milimita 3 inatosha huku kwetu. Mpira wake una vitundu vidogo vya hewa vinavyozuia joto lisitoke, na maji machache yanayoingia ndani hupata joto la mwili. Pia hukinga ngozi na jua, na miiba, na mikwaruzo ya matumbawe ambayo huchelewa kupona.

Ndani ya suti vaa vazi la kuogelea, au taiti na blauzi ya nailoni ya mikono mirefu. Usivae pamba, maana ikilowa ni nzito na haikauki. Usiingie na khanga majini, inaweza kunasa mahali au kufunga miguu. Miguuni vaa viatu vya mpira, kwa kuwa ufukweni mna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kama ya nungu.

Wigi liache chumbani! Nywele zisukwe mistari au zifungwe nyuma, kwa maana unywele mmoja ukipita chini ya ukingo wa miwani, maji huingia. Hereni na mikufu vua vyote. Na pete ya ndoa? Hapo palikuwa na kimya. Vidole hunywea vikipoa, na pete huteleza bila mtu kujua. Mwisho tulizifunga zote kwenye pindo la khanga ya yule mama mkubwa, tukamwambia, "Mama, leo umeshika ndoa tano."

Fomu tuliyopewa

Kabla ya kushuka kila mmoja hupewa fomu yenye maswali ya afya. Tunawasihi sana, msiijaze kwa haraka. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, selimundu au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Mwenye mafua asishuke siku hiyo, kwa kuwa masikio hayatazibuka. Hedhi si kizuizi.

Mwenzetu mmoja, kijana kuliko wote, aliweka alama ya "hapana" kila mahali. Usiku huo alitufuata sisi wawili tulio wauguzi, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, mtu akiwa amechelewa siku zake wiki mbili, akashuka kidogo tu, kuna neno?"

Tukamketisha. Alikuwa ametoka mimba mara mbili, na safari hii hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliogopa kuwapa watu furaha kisha kuwanyang'anya. Aliogopa pia kwamba asiposhuka, wote watajua.

Tulimweleza hivi. Mtu akiwa chini, gesi ya naitrojeni huingia katika damu, na anapopanda inaweza kufanya mapovu madogo. Mapafu ya mama huyachuja. Mtoto aliye tumboni hatumii mapafu yake bado, kwa hiyo hana kichujio hicho. Hakuna anayeweza kusema ni kina gani kisicho na hatari kwake, kwa kuwa hakuna mtu mwema atakayefanya jaribio hilo kwa mjamzito. Kwa sababu hiyo mwenye mimba, au anayedhani anayo, hashuki. Hata mita tano hashuki.

Alilia, kisha akauliza wenzake wataambiwaje. Kudanganya hatukutaka. Asubuhi tulisema tu kwamba wauguzi wamemshauri asishuke, na hayo yalikuwa kweli. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeuliza zaidi.

Chini ya maji

Tulianza kwenye maji ya kiunoni, katika ghuba ya Chole. Mwalimu wetu, kijana wa kisiwani, alitukumbusha kwamba mtungi umejaa hewa ya kawaida, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. "Mama zangu," alisema, "sheria kubwa ni moja: pumueni wakati wote, msizuie pumzi." Sababu yake ni kwamba katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukipanda huku umezuia pumzi, hewa hutanuka kifuani na inaweza kupasua mapafu.

Tulishuka wanne, wawili kwa zamu, tukiminya pua na kupuliza taratibu kuzibua masikio. Hofu ilikuwepo. Lakini kwenye mita nane tulisahau hofu. Pono walikuwa wakitafuna matumbawe, na sauti yao tuliisikia kwa masikio yetu. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, walikuwa wakijificha ndani ya kiumbe anayefanana na ua. Tuliambiwa tusiguse kitu. Matumbawe ni viumbe hai. Mengi ya hapa yalikufa mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na kabla ya hapo uvuvi wa baruti ulikuwa umekwisha kuyaumiza. Yanayoonekana leo yamechukua miaka kurudi.

Na yule mwenzetu? Hakukaa kwenye boti akinung'unika. Bahari ilikuwa shwari, basi alivaa blauzi ya mikono mirefu, jaketi la kuelea na miwani, akalala juu ya maji huku ameshika kamba ya boti. Sisi tulipopanda tulimkuta akipiga kelele za furaha. Kasa mkubwa alikuwa amepita chini yake, polepole, naye alimwona kabla yetu sote.

Jioni hiyo alimpigia mumewe simu. Oktoba mwaka huo alijifungua mtoto wa kike salama.

Neno la mwisho

Anayetaka kwenda achague miezi ya Oktoba hadi Machi, na mwisho wa safari yake autazame vizuri. Baada ya kupiga mbizi usipande ndege hadi zipite saa 18 au zaidi, kwa sababu ile naitrojeni bado iko mwilini. Sisi tulirudi kwa boti, hivyo hatukuwa na shida.

Yule mama mkubwa alitugawia pete zetu mmoja mmoja, akiita kila jina. Ya tano alimvisha yule mwenzetu mwenyewe, akamshika mkono kwa muda mrefu bila kusema neno. Tunadhani alikuwa ameshajua.