Wenye Daftari Walipofika Umatumbi

Mjukuu wangu anasoma historia chuo kikuu. Juzi kaniletea insha yake juu ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, na humo hakuna mzee hata mmoja aliyeulizwa. Nikamwuliza mbona. "Babu, yote yameshaandikwa." Jibu hilo linanikera mpaka leo.

Mimi niliyaona yakiandikwa. Mwaka 1968, likizoni, vijana wa chuo cha Dar es Salaam walitawanyika vijiji vya kusini. Gilbert Gwassa na John Iliffe ndio walioibeba kazi ile. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa kuamia ndege pamba ilipong'olewa Nandete, hapa Umatumbi, vita vilipoanza. Kijana mmoja akaketi naye mkekani. Mwezi gani? Babu akanusa ugoro wake, harufu ile kali ikajaa barazani, akasema mtama ulikuwa umeshavunwa. Kijana akaandika Julai 1905, akaachana na tarehe. Jioni nzima ikaishia kwenye pamba: nani alilazimishwa kulima, nani alichapwa viboko, akida alisimama wapi. Kesho yake akauliza yaleyale kitongoji cha pili, akalinganisha.

Makaratasi ya Wajerumani yalisema watu walipumbazwa na mchawi. Wazee walisema walichoshwa na pamba. Kwa ushahidi wa wazee, huyo aliyeitwa mchawi, Kinjikitile, aliyenyongwa Mohoro, akasimama upya kama kiongozi, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akamwandikia tamthilia. Sisi tuliokuwa shuleni tulitembea vifua mbele.

Lakini bibi alikuwa jikoni siku ile, na hakuna aliyemwita. Yeye ndiye aliyejua njaa: Wajerumani walivyochoma maghala, mama yake alivyochimba ming'oko porini, watoto gani hawakuvuka mwaka. Vita alivitaja kwa neno moja, njaa akaisimulia usiku kucha.

Miaka ikapita. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri akaandika juu ya njaa, nguruwe mwitu na wanawake wa Uzaramo. Mwaka 2010 kikatoka kitabu cha James Giblin na Jamie Monson, kikihoji ule umoja wa makabila vitani tuliofundishwa shuleni. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Nimemwambia mjukuu aende Kipatimu likizo hii. Wajukuu wa waliochimba ming'oko wapo, na wapo wanaojua bibi zao walijificha mabonde gani. Aanze na wanawake.