Kiti cha Mbele

Safari huwa na bei mbili. Ya kwanza hulipwa kwa fedha kabla ya kuondoka, nayo hujulikana na kila mtu. Ya pili hulipwa njiani, kwa yale ambayo njia humkumbusha msafiri, wala haina stakabadhi. Mzee mmoja wa mji wa Babati, mwalimu mstaafu, alilipiwa bei ya kwanza na mwanawe. Ya pili ilimbidi kuilipa mwenyewe.

Mwalimu huyu alifundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Miongoni mwa aliyoyafundisha zilikuwamo habari za bahari: jinsi mwezi unavyoyavuta maji, jinsi yanavyojaa na kupwa, jinsi bamvua lijavyo mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na maji mafu kati ya nyakati hizo. Aliwaeleza watoto kuwa neno pwani lenyewe limetokana na kupwa. Lakini yeye hakupata kuiona bahari kwa macho yake. Maji makubwa aliyoyajua yalikuwa ya Ziwa Babati, makao ya viboko, ambayo huongezeka kwa mvua na kupungua kwa kiangazi, wala hayana habari na mwezi. Mwaka 1990 ziwa hilo lilifurika. Na maji yake yalipotoka mahali pake hayakurudi baada ya saa sita, kama ya bahari yafanyavyo.

Kitinda mimba wake, mhasibu katika mji wa Arusha, alikusudia kumwondolea mzee upungufu huo. Akakodi kwa siku tano motokaa ya fahari, nyeupe, yenye milango miwili na paa la turubai ambalo hukunjwa na kukunjuliwa kwa kubonyeza kitufe. Motokaa za namna hiyo hukodiwa zaidi kwa arusi kuliko kwa safari. Kwa sababu hiyo, ilipoingia Babati paa lake likiwa wazi, na Mlima Kwaraa ukiutazama mji, wanawake wa sokoni walipiga vigelegele, na watoto wakaikimbilia wakiuliza bibi arusi yu wapi. Asubuhi ya pili mzee alipokwisha kuketi kiti cha mbele, amevaa kanzu na koti, shangwe zilizidi. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

"Mama yako angecheka," alisema, wala yeye hakucheka.

Mwana alitaka wapite Arusha, Moshi na Tanga, ili baba yake aione theluji ya Kilimanjaro na milima ya Usambara. Mzee akachagua njia ya kusini: Kondoa, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Msata, hata Bagamoyo. Mwana alikubali bila kuuliza sababu. Barabara ya Babati na Dodoma ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa zamani kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa ya udongo. Vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami yake, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Motokaa ile ya arusi isingaliweza kuipita kabla ya hapo.

Walipopita Bonga na kuanza kupanda kwenda Bereko, upepo ukawa mwema na misitu ya miyombo ikawapokea pande zote mbili. Mwana alifurahi. Alisema kuwa hakuna raha ya safari ipitayo ile ya kusafiri bila ya kitu baina ya kichwa na mbingu. Mzee akamwomba asimamishe motokaa.

Kusafiri bila ya paa ni jambo la zamani katika nchi hii. Kizazi cha mzee huyu kilisafiri hivyo juu ya magunia, nyuma ya malori, kwa jua na kwa mvua, na hapana aliyeita jambo hilo raha. Upepo wa lori na upepo wa motokaa ya fahari ni upepo mmoja. Tofauti yao ni kitufe: mmoja wa wasafiri hawa aweza kulifunga paa apendapo, na mwingine hana la kufunga.

Hapo, kando ya barabara, mzee alimweleza mwanawe habari ambayo hakuwa ameisema kwa mtu. Wakati wa masika ya mwaka 1974 alikuwa mwalimu kijana upande wa Kondoa, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Uchungu ulimshika kabla ya wakati wake. Gari la pekee lililopatikana lilikuwa lori la mahindi lielekealo Babati. Mbele aliketi dereva pamoja na mwenye mzigo. Mume na mke walipandishwa juu ya magunia, mvua ikiwanyeshea, wakajifunika ncha ya turubai. Milimani pale lori lilizama katika tope, likakaa siku mbili. Mtoto alizaliwa hana uhai, akazikwa kando ya njia.

"Mwenye mzigo alimnyima mama kiti?" mwana aliuliza.

"Hakuninyima. Sikumwomba."

Alikuwa ameona haya. Alikuwa mwalimu, amevaa shati safi, na mwenye mzigo alikuwa tajiri asiyemjua. Mkewe alimtazama pale mlangoni mwa lori akingoja aseme neno, naye akamshika mkono akamsaidia kupanda nyuma. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya siku ile, wakapata watoto wengine, na mke hakumtajia jambo hilo hata mara moja. Mzee alitazama huku na huku akitafuta mahali penyewe. Lakini wajenzi wa lami walikuwa wamechimba na kujaza, na njia ya kale haikuonekana tena.

Waliendelea kimya. Walikuwa wamepanga kuzuru michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kabla ya kufika huko walimwona mwanamke akiwapungia mkono, amembeba mtoto aliyelegea. Mwana alipunguza mwendo, kisha akakumbuka mkataba wa kukodi: motokaa isichukue abiria wengine, na viti vyake vya ngozi visichafuliwe.

"Simama," mzee alisema.

"Baba, mkataba haunipi ruhusa."

"Simama, mwanangu."

Mzee aliteremka, akamkaribisha mwanamke katika kiti cha mbele, naye akajikunja katika nafasi finyu ya nyuma, magoti yakikaribia kidevu. Mtoto alikuwa na homa kali. Mzee aliagiza paa lifungwe. Walipita Kolo pasipo kusimama, na kabla ya kufika hospitalini Kondoa mtoto alikuwa amekitapikia kile kiti. Mama aliomba radhi mara nyingi. Mzee alimjibu kuwa hapana kosa.

Siku ya pili yake walifika Bagamoyo. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zililala ubavu juu ya mchanga, na watu walitembea mahali ambapo saa chache kabla palikuwa na bahari. Mwana alitaka wazunguke ufukweni na paa wazi, lakini mzee alivua viatu, akaketi chini ya mti, akangoja. Alingoja mpaka mashua ya kwanza ikainuka na kuelea.

"Niliwaambia kweli," alisema, akiwakumbuka wanafunzi wake.

Motokaa iliporudishwa, mwenyewe alidai malipo ya kukisafisha kile kiti. Mwana alilipa. Mzee alipopata habari, alimwita, akatoa fedha za pensheni zilizotimia kiasi kile kile, akamwekea mkononi. Mwana alikataa, kisha alimtazama baba yake usoni, akazipokea.