Sikuwa Nimerogwa

Baba alipofariki nilijifungia. Mchana nilichuma kahawa na wenzangu huku Kalinzi, usiku nikakesha na kompyuta kuukuu, natengeneza muziki usio na maneno. Majirani walisema nimerogwa. Wapo waliomshauri mama anipeleke kwa mganga. Mimi nilikuwa na msiba tu, na nilipokuwa kwenye muziki ndipo kifua kilipolegea.

Halafu hata huo nikanyang'anywa. Mwenye studio mmoja mjini alichukua kazi zangu zote, akatafuta mwimbaji, akaziuza. Sikuona hata shilingi. Nilipomfuata akanijibu kwamba muziki bila mwimbaji si muziki. Kauli hiyo ilinikaa moyoni kuliko hata zile hela. Nikazima kompyuta. Usingizi ukakata, chakula kikanishinda, nikawa simsemeshi mtu. Sifichi: kuna asubuhi niliona heri nisingeamka.

Kilichoniinua kililetwa na binamu yangu kwenye flashi, akitokea Dar: albamu ya Bamba Pana, Poaa, iliyotolewa 2018 na Nyege Nyege Tapes, lebo ndogo ya Kampala. Mwaka 2017 lebo hiyohiyo ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa muziki wa singeli wa studio ya Sisso, Mburahati, hukohuko Dar. Ni vijana wa uswahilini wenye kompyuta za kawaida, wanakata vipande, wanavirudiarudia na kuvikimbiza hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Na sehemu kubwa ya Poaa haina mwimbaji! Nilisikiliza mpaka sola ikaisha chaji. Kumbe kulikuwa na watu waliouheshimu muziki wa namna hii kiasi cha kuutoa kwenye kaseti na santuri na kuufikisha Ulaya, bila kuwalazimisha waliouunda wafanane na wa redioni.

Msimu wa kahawa ulipofika niliifunga simu kwa kitambaa kwenye mguu wa mashine yetu ya kumenyea, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikarekodi. Chuma kilikuwa kinasaga, maji yanatiririka, na kila mzunguko kipini kinalia kidogo. Nilipopunguza kasi ya rekodi kwenye kompyuta, ule mlio wa kipini ukageuka besi nzito. Mama alisimama mlangoni na beseni mkononi, akasikiliza.

"Mwanangu, hiyo si mashine ya baba yako?"

Akaingia, akakaa kitandani. Tangu msibani hatukuwa tumemtaja baba, na usiku ule tulimzungumza mpaka majogoo.

Bado ni mtu wa kukaa peke yangu, na sasa nyumbani wanajua ninachofanya humo ndani. Nalala, nakula, kahawa nachuma. Mzazi mwenye kijana anayejifungia chumbani na kompyuta yake, nakuomba, kabla hujamtafuta mganga mgongee mlango, mwambie akusikilizishe.