Maji Yanayopita Kisiwa cha Eday



Binti yangu alipomaliza kidato cha nne aliniomba ruhusa asomee uhandisi wa umeme. Nilikaa mwaka mzima bila kumjibu, kisha nikamwachia shingo upande. Juni 2023 nilimzuru huko Scotland anakosoma, naye akanichukua kaskazini hadi visiwa vya Orkney. "Twende, Baba," alisema, "ukaione bahari ya wenzetu."

Huko wakati wa kiangazi Magharibi huingia mnamo saa nne na nusu za usiku. Tulipanda feri hadi kisiwa kidogo cha Eday, tukasimama ufukweni kuukabili mkondo uitwao Fall of Warness. Mwezi wa Dhul-Hijja ulikuwa ndio kwanza umeandama na bahari imo katika bamvua. Maji yalikimbia kama mto. Mkondo ule huweza kufikia karibu mita 4 kwa sekunde. Nilimkumbuka marehemu baba yangu, nahodha wa Lamu, akingoja maji yajae ndipo apite Mkanda.

Katikati ya mkondo kilielea chuma cha manjano, mfano wa jahazi lisilo na mlingoti. Hicho ni O2, mtambo wa kampuni ya Orbital Marine Power. Urefu wake ni mita 74, umeshikwa na minyororo ya nanga nne, na una mikono miwili iliyozama. Kila mkono una rafadha yenye kipenyo cha mita 20. Maji huzizungusha rafadha, na umeme hupita katika waya chini ya bahari hadi Eday. Uwezo wake ni megawati 2, kadiri ya kutosheleza nyumba 2,000 za nchi ile. Umefanywa uelee kwa kuwa mkondo huwa na nguvu zaidi karibu na uso wa maji. Tena upepo hauna miadi, bali kujaa na kupwa hufuata mwezi, na saa zake hujulikana miaka kabla.

Mtambo huo haukuja kwa siku moja. Kituo cha EMEC, kinachojaribu mitambo ya bahari, kilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ulishushwa majini mtambo uliotangulia, SR2000, wenye rafadha za mita 16. Ndipo ikaja O2, iliyoshushwa Dundee Aprili 2021 na kuanza kutoa umeme Julai mwaka huo. Mapanga yake hujigeuza yenyewe, yakayapokea maji yanayojaa na yanayopwa.

Nikauliza, "Na ukiharibika?"

"Mikono huinuliwa hadi juu, Baba, mafundi wakaufikia kwa mashua ndogo. Ule wa kwanza ndio uliowafunza."

Aliyasema hayo kwa utulivu, kama babu yake alipokuwa akinieleza habari za maji. Tuliswali Adhuhuri juu ya majani, tumeelekea kusini-mashariki. Baada ya salamu nilimwomba mwanangu radhi kwa mwaka ule. Hakusema neno, aliushika mkono wangu akaubusu.

Wazazi wenzangu, baba yangu aliyangoja maji kwa kuwa aliyajua. Mimi nilimngojesha binti yangu kwa kuwa sikujua. Mwenye mtoto anayengoja jibu nyumbani, na amwite leo amsikilize.

Mola awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.