Usiazime Babu wa Watu

Kisauni, Mombasa

Mume wangu mdogo,

Mimi mzima, ila goti hunitangazia mvua kabla ya redio. Mamako kesharudi Voi. Mwembe umezaa.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya fulana. Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba unachapisha fulana za mkutano wa ukoo wa Desemba, zenye picha ya Jacob Wainwright na jina letu chini yake. Eti umempata babu! Kisa na maana, babu yetu naye aliitwa Jacob, naye alikuwa Myao, naye alitolewa katika jahazi la watumwa?

Habari za Wainwright nilizisikia kabla babako hajazaliwa. Alisafiri na maiti ya mmisionari Livingstone hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster mwaka 1874. Mwenyewe alifia Urambo, 1892. Sifa zake ni zake.

Sasa nikwambie la kwetu. Nilipokuwa na umri wako, mimi na marehemu kaka yangu tulimbembeleza kasisi atufungulie daftari la zamani la ubatizo. Wino umefifia, mchwa wamekula pembe, kurasa nyingine hazipo. Tukaona: Jacob, Myao, mtoto wa kiume. Kaka alilia. Tulichinja mbuzi wawili, tukaita watu, nami nikasoma jina lile mbele yao kama mtu asomaye Injili.

Shangazi yetu mkongwe alikula pilau yake kimya, akanawa, kisha akauliza: “Na daftari la maziko mmeliangalia?” Hatukuwa tumeliangalia. Tulirudi Jumatatu. Jacob yule yule, namba ile ile ya ubatizo, alizikwa miaka minne baadaye, mtoto wa miaka minane. Ndui. Tulikuwa tumemfanyia karamu ya ubabu mtoto ambaye hata ndevu hakuota. Kaka hakugusa tena daftari hadi alipokufa.

Ndiyo maana naziogopa fulana zako. Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ilipoanza, 1875, manowari za Waingereza zilikuwa zikileta mateka waliokamatwa majahazini. Karani aliuliza jina, mtoto akajibu kwa Kiyao au Kimakua, karani akaandika alichosikia. Ubatizo ukaja ukaleta jina jingine, na majina ya Biblia hayakuwatosha watoto wote. Kina Jacob walikuwa wengi. Wengine hawakupitia jahazini kabisa: walikuwa watumwa watoro waliokimbilia misheni ya Rabai, wakapewa hati za uhuru Januari 1889 baada ya mabwana kulipwa fidia. Umeuliza huko? Au umekimbilia mwenye picha?

Ungekuwa na pa kuanzia lau Biblia ya baba yangu ingekuwa nzima. Kurasa za mbele zilikuwa na vizazi na vifo vyetu vyote. Mtu aliiazima kwa wiki moja, ikarudi baada ya miaka miwili bila kurasa hizo. Simtaji. Anajijua.

Mengine ni machache. Anza na walio hai, urudi nyuma hatua moja moja. Nakili jina kama lilivyoandikwa, hata likiwa na makosa. Mrekodi bibi mdogo wa Rabai kabla ya Pasaka, kumbukumbu yake inachuja. Usipojua, acha pengo, ulitie alama kwa penseli. Na mate unayotaka kuyatuma Ulaya kwenye kichupa yapimwe asili yatakukisia nchi, hayatakutajia jina la babu.

Lakini fulana, mjukuu wangu. Ukimbandika Wainwright, umeiba babu wa watu, tena umemzika wako mara ya pili. Huyo wetu hakubeba maiti ya mtu mashuhuri. Alichimba visima, akazaa watoto saba, akamsomesha bibi yangu hadi akajua kuandika, wakati majirani wakimcheka. Hilo ni la kuonea haya?

Kuna jambo sijapata kulisema. Bibi yangu akiwa peke yake jikoni, anapepeta mchele, alikuwa akimtaja babake kwa jina lisilo la Biblia. Nililisikia mara nyingi nikiwa chini ya meza. Halimo katika daftari lolote. Kwenye simu silitaji, na katika barua hii siliandiki.

Njoo kabla ya Desemba. Hizo fulana zilizokwisha kuchapishwa zilete, nakosa vitambaa vya kushikia sufuria.

Ni mimi bibi yako,
mkeo wa kwanza